Sura ya Tano: Mfupa Mfu Ndani ya Mguu Ulio Hai

Julai 1963, mjini Moscow, Valeriy Brumel aliruka juu ya ufito uliowekwa mita 2.28 kutoka ardhini. Hakuna binadamu aliyekuwa amefika hapo, na rekodi ile haikuvunjwa rasmi hadi 1971. Mwaka uliofuata alitwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Tokyo, akiwa na miaka 22. Kisha ikaja Oktoba 1965. Alikuwa abiria nyuma ya pikipiki, humo humo Moscow, pikipiki ikaanguka, muundi wake ukasagika na ngozi ikapasuka juu yake.

Madaktari waliuokoa mguu usiwe wa kukatwa siku ile. Wakausafisha, wakaunyoosha, wakangoja uunge. Haukuunga. Usaha ukaanza kutoka, na kwa muda wa karibu miaka mitatu Brumel alipasuliwa, akafungwa, akaruhusiwa, akarudi, akapasuliwa tena. Mguu ukafupika. Habari ya kuukata ikarudi. Kijana aliyeruka juu kupita kimo cha mlango sasa alihitaji magongo kuuvuka mlango wenyewe.

Nimeanza na Brumel kwa sababu alichokuwa nacho ndicho kinachomlaza wodini dereva wa bodaboda wa Mbagala au Kisumu leo: maambukizi sugu ya mfupa wa muundi. Dhahabu ya Olimpiki haikumpunguzia lolote. Hata penisilini, ambayo Urusi ya miaka ile ilikuwa nayo, haikumfaa. Nataka msomaji aelewe kwa nini haikumfaa, maana asiyeelewa hapo atatumia miaka kumi akinunua vidonge.

Pitisha vidole mbele ya mguu wako, chini ya goti, upande wa ndani. Unaugusa mfupa wenyewe. Kutoka goti hadi kifundo hakuna nyama pale. Kuna ngozi, utando mwembamba, kisha mfupa. Paja limezungukwa na misuli pande zote, na misuli ni ghala la damu. Muundi umeachwa wazi mbele kama mlango usio na pazia. Mshipa mkuu unaolisha kiini chake huingia kwa juu, upande wa nyuma, kisha hushuka ndani ya uboho, na theluthi ya chini hubaki na damu haba kuliko sehemu nyingine. Mguu unapobanwa kati ya pikipiki na lami, ngozi hupasuka, mshipa wa ndani hukatika, na ule utando wa juu wenye mishipa midogo huchunika kama ganda la ndizi. Mchanga na nyuzi za suruali huingia. Vipande vya mfupa vilivyokosa damu hufa humo humo, katikati ya nyama iliyo hai.

Mfupa ukifa hauozi haraka kama nyama. Hubaki mgumu na mweupe, na kwa macho tu unaweza kudhani ni mzima. Kwa bakteria, hiyo ni nyumba isiyo na mlinzi. Anayehamia mara nyingi zaidi ni stafilokokasi, ambaye daktari Alexander Ogston wa Aberdeen, Scotland, alimweleza mwanzoni mwa miaka ya 1880 baada ya kumwona kwenye usaha wa majipu, vijidudu vimeshikana kama kichala cha zabibu. Jina alilompa limetokana na neno la Kigiriki la kichala. Wakati huo huo Louis Pasteur, huko Ufaransa, aliona kwamba kijidudu cha jipu la ngozi na kile cha mfupa unaooza vinafanana, akasema ugonjwa huu ni jipu la mfupa. Sijaona maelezo mafupi yaliyo bora kuliko hayo.

Ila jipu la ngozi hutumbuka likaisha. Kwenye mfupa mfu bakteria hujijengea utando wa utelezi, kama ule unaoota ndani ya mtungi usiosuguliwa, na waliomo ndani yake hupunguza mwendo wa maisha. Hawali sana, hawazaani sana, na dawa nyingi humuua bakteria anayekula na kuzaana. Mwaka 2017 watafiti wa Rochester, New York, waliwapiga picha kwa hadubini yenye nguvu wakiwa wamejikunyata na kupenya ndani ya vijifereji vya mfupa vyembamba kuliko miili yao wenyewe. Seli za kinga haziwezi kuwafuata huko. Dawa nayo husafiri na damu. Penye mfupa usio na damu, kidonge kinapita kando ya mlango na kuendelea na safari yake. Ndiyo maana mgonjwa humeza wiki mbili akapata nafuu, usaha ukakauka, akashukuru Mungu, na miezi mitatu baadaye mguu ukavimba tena usiku mmoja. Dawa ilitibu nyama iliyozunguka. Mfupa mfu haukuguswa.

Mwili haukai bure. Ukishindwa kukitoa kile kipande, hukitenga. Hujenga ganda jipya la mfupa kukizunguka, na ganda hilo huacha matundu ambamo usaha hutokea hadi kwenye ngozi. Nilipokuwa mtoto nilimwona mjomba wangu kila asubuhi akifungua kipande cha kanga mguuni, akikamua, akiosha kwa maji ya chumvi na kufunga kipande kingine. Tundu lenyewe lilikuwa dogo, ncha ya kalamu ingeziba. Siku moja kilitoka kijipande kama punje ya mchele iliyovunjika, akakiweka kwenye kiberiti na kukitunza. Majirani walisema donda ndugu, wengine wakasema ametupiwa kitu. Alipewa vidonge mahali pengi. Kwa muda wote ule hakuna aliyemwambia kwamba kile kijipande cha kwenye kiberiti ndicho ugonjwa, na kwamba vilibaki vingine ndani.

Madaktari walilijua jambo hili kabla ya kuwajua bakteria. Mwaka 1824, London, Benjamin Brodie alimkata mguu kijana wa miaka 24 aliyeteswa kwa miaka mingi na maumivu ya muundi yasiyotulizwa na chochote. Baada ya kuukata aliupasua ule mfupa. Ndani yake, karibu na kifundo, akakuta chumba kidogo kilichojaa usaha, na mfupa uliokizunguka ulikuwa mzito na mgumu. Hicho tu. Brodie akaelewa kwamba tundu moja la keekee lingeutoa usaha ule na kijana angebaki na mguu wake. Alipompata mgonjwa mwingine mwenye dalili zile zile, alitoboa, usaha ukatoka, mtu akapona. Mwaka 1832 alichapisha maelezo, pamoja na ya yule wa kwanza ambaye mguu wake ulikatwa. Namheshimu sana kwa hilo. Mpaka leo jipu la namna ile ndani ya mfupa linaitwa kwa jina lake.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta miguu iliyosagika kwa maelfu. Mmarekani Winnett Orr aliona kwamba majeraha ya mifupa yaliyosafishwa, yakajazwa kitambaa chenye vaselini na kufungwa ndani ya plasta ngumu bila kufunguliwa kila siku, yalipona vizuri kuliko yale yaliyochokonolewa asubuhi na jioni. Plasta zilinuka vibaya sana, lakini miguu ilipona. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, José Trueta wa Barcelona aliendeleza njia hiyo kwa kusisitiza kwamba kwanza kila kilichokufa kikatwe. Kati ya majeruhi 1,073 aliowaripoti, 6 tu walikufa. Hapakuwa na antibiotiki yoyote ya maana wakati huo.

William Baer naye alijifunza kwa funza. Mwaka 1917, Ufaransa, waliletwa kwake askari wawili waliolala uwanja wa mapambano siku saba bila maji wala chakula, mifupa ya mapaja imevunjika na kutoboa ngozi. Walipaswa kuwa wamekufa. Hawakuwa hata na homa. Alipofunua nguo akakuta majeraha yamejaa mabuu ya nzi yakitambaa. Alipoyaosha, chini yake ilikuwepo nyama ya waridi, safi kuliko aliyowahi kuiona. Miaka kumi na zaidi baadaye, akiwa Baltimore, aliwawekea funza watoto waliokuwa na maambukizi sugu ya mifupa ambayo visu vya mara nyingi havikuyaponya. Yakapona. Baadhi ya wagonjwa walipopata pepopunda alilazimika kuwalea funza wake kutoka mayai yaliyosafishwa dhidi ya vijidudu. Funza hula nyama iliyokufa na kuiacha iliyo hai. Daktari wa upasuaji anatafuta jicho la namna hiyo maisha yake yote.

Tuingie sasa kwenye chumba cha upasuaji, maana humo ndimo lilipo jambo lenyewe.

Kazi huanza wiki kadhaa kabla ya kisu. Kama mgonjwa hana homa kali, daktari humwachisha antibiotiki kwa wiki mbili hivi ili bakteria walioko ndani wakubali kuota maabara. Pamba inayopitishwa kwenye tundu la ngozini hudanganya, kwa sababu huokota kila kijidudu kilichopita njia. Sampuli za kuaminika hutoka ndani kabisa, vipande kama vitano kutoka sehemu mbalimbali, kila kimoja kwa kifaa chake kisafi. Kimoja hupelekwa kutazamwa kama kuna saratani, kwa sababu tundu lililovuja miaka ishirini au thelathini linaweza kugeuka saratani ya ngozi. Picha ya X-ray huonyesha kipande kilichotengwa, cheupe zaidi ya jirani zake. Mgonjwa mwenye kisukari anashushwa sukari, anayevuta sigara anaambiwa aache, na hapa sisemi kwa ustaarabu: moshi wa sigara hubana mishipa midogo ile ile inayotegemewa kuuponya mguu.

Siku ya operesheni, baada ya ganzi au nusu kaputi, madaktari wengine huanza kwa kupiga bomba la rangi ya buluu ndani ya tundu la usaha, ili njia zake zote zijionyeshe. Ngozi iliyoharibika hukatwa kwa umbo la jani, tundu likiwa katikati. Makovu ya zamani huondolewa. Yana damu kidogo na hayataunga. Kisha mfupa. Dirisha hufunguliwa kwenye ganda jipya, kwa keekee inayomwagiwa maji baridi muda wote, kwa sababu joto la chuma peke yake linaweza kuua mfupa mzima. Ndani hukutwa usaha, nyama laini nyekundu inayovuja damu, na kile kipande. Mara nyingine hutoka chenyewe kwa koleo, kimelegea kama jino bovu, kingo zake zimeliwaliwa.

Wengi wanadhani kazi imekwisha hapo. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Kuta za kile chumba nazo zina mfupa mfu, ila haujajitenga. Daktari huchukua patasi na kuparua tabaka moja, akaosha, akatazama. Pakiwa peupe kama pembe ya ndovu, pakavu, anaparua tena. Anaendelea mpaka zitokee nukta ndogo za damu kwenye mfupa, moja moja, kama pilipili nyekundu iliyosagwa ikanyunyizwa juu. Madaktari wa mifupa wa nchi nyingi wameupa mtazamo huo jina la pilipili ile. Ukiziona, umefika kwenye uhai. Ndiyo sababu wengi hawapendi kuubana mguu kwa mpira wa kuzuia damu, au huulegeza saa hiyo: kazi isiyo na damu inapendeza macho, lakini inaficha jibu.

Nukta hizo zisipotokea upande wowote wa mfupa, inabidi kukata sehemu nzima ya muundi na kuitoa, sentimita nne, sita, wakati mwingine kumi. Huu ndio mtihani mkubwa wa operesheni hii, na hauko mikononi peke yake. Daktari anajua akiutoa mfupa wote mfu, mguu hautakuwa na nguzo. Anamfikiria mgonjwa atakapoamka. Kwa huruma anasema, hapa nitaacha kidogo, ushikilie. Kile kidogo alichokiacha ndicho kitakachomrudisha mgonjwa mezani baada ya mwaka, safari hii akiwa na kovu gumu zaidi na ngozi ndogo zaidi. Naamini sehemu kubwa ya zile operesheni zinazorudiwarudiwa duniani kote zilizaliwa na huruma ya namna hii, na hofu ya pengo. George Cierny na Jon Mader, Wamarekani waliotoa mwaka 1985 mpangilio wa maradhi haya unaotumika hadi sasa, walifundisha kuukabili mfupa mfu kama uvimbe wa saratani: usiache mizizi.

Baada ya kukata, timu makini hubadilisha glovu, magauni, vyombo na mashuka, kana kwamba mgonjwa mpya ameingia. Kisha hukabiliana na shimo. Shimo tupu hujaa damu, na damu iliyotuama ni uji kwa bakteria aliyebaki. Tangu miaka ya 1970 Wajerumani walijaza mashimo hayo shanga za simenti ya mifupa zilizochanganywa na jentamisini, zimetungwa kwenye waya kama tasbihi, zikimwaga dawa pale pale kwa kiwango ambacho mwili mzima usingekihimili. Zilihitaji kutolewa baadaye. Siku hizi zipo zinazotengenezwa kwa aina ya jasi ya hospitali, ambazo huyeyuka zenyewe kwa wiki kadhaa.

Juu ya shimo inatakiwa nyama yenye damu, na muundi, kama tulivyoona, hauna ya kwake mbele. Inaazimwa. Tatizo likiwa karibu na goti, sehemu ya msuli wa shavu la mguu hugeuzwa kutoka nyuma ikaletwa mbele, mshipa wake wa damu ukiwa bado umeshikana nao. Katikati ya muundi hutumika msuli ulio chini yake. Theluthi ya chini ndiyo ngumu. Mara nyingi nyama hutolewa pajani au mgongoni, ikatenganishwa kabisa na mwili, na mishipa yake, myembamba kama uzi wa kushonea, ikaunganishwa upya chini ya hadubini. Kitambaa hicho cha nyama si cha kuficha kovu. Kinaleta damu mahali palipokufa kwa kuikosa, na kwa njia ya damu hiyo antibiotiki nayo, kwa mara ya kwanza, inafika.

Antibiotiki huendelea kwa wiki sita hivi. Zamani ilikuwa lazima zipite kwenye mshipa, na mgonjwa alilazwa kwa ajili ya dripu tu. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2019, wenye washiriki 1,054 wenye maambukizi ya mifupa na viungo, ulionyesha kwamba vidonge vilivyochaguliwa vizuri havikuwa duni kuliko sindano katika wiki hizo sita. Kwa familia inayolipia kitanda kila siku, hiyo ni habari kubwa. Lakini wengi wa wagonjwa wale walikuwa wamepasuliwa kwanza.

Na lile pengo? Kwa jibu lake turudi kwa Brumel.

Gavriil Ilizarov alizaliwa 1921, akakulia Qusar, chini ya milima ya Azerbaijan, na 1944 akapelekwa kuwa daktari wa kijiji cha Dolgovka, mkoa wa Kurgan, Siberia ya Magharibi. Vita vilikuwa vimewajaza watu mifupa isiyounga na matundu yasiyokauka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alibuni pete za chuma zinazouzunguka mguu, na nyaya za unene wa milimita 1.5 hadi 1.8 zinazopita kwenye mfupa kutoka upande huu hadi ule, zikikazwa kwenye pete kama spoki za baiskeli. Pete huunganishwa kwa fito zenye hesi na nati. Mguu ukishavikwa hivyo mgonjwa anaweza kuukanyagia ndani ya siku chache.

Kwanza alizitumia kubana vipande viungane. Inasimuliwa kwamba mgonjwa mmoja alizungusha nati upande usio wake, akavitenganisha vipande badala ya kuvibana, na Ilizarov alipopiga picha akaona mfupa mchanga umeota kwenye mwanya. Iwe ilianza hivyo au vingine, aliitumia miaka iliyobaki ya maisha yake kuthibitisha sheria moja: mfupa hai ukikatwa kwa upole, uboho na utando wake vikahifadhiwa, ukaachwa siku tano hadi saba, kisha ukavutwa milimita moja kwa siku, mwili hutandaza mfupa mpya nyuma yake. Ukivuta haraka zaidi, mwanya hubaki na nyama tupu. Ukivuta polepole mno, unaunga kabla ya wakati.

Kwa hiyo pengo la sentimita sita chini ya muundi huzibwa hivi. Mfupa mzima hukatwa juu, karibu na goti, mbali na ugonjwa. Kipande cha katikati hushushwa kwa nyaya zake, siku hadi siku, kuelekea pengo la chini. Mwanya unaofunguka juu hujaa mfupa mpya. Siku sitini za kusogea, kisha miezi ya kungoja ukomae. Kila sentimita hudai mwezi mmoja au zaidi ndani ya vyuma. Na anayeufanya usogee ni mgonjwa mwenyewe, au mama yake, au mke wake. Fito hizo zina hesi ambazo nati ikizunguka duara kamili husogea milimita 1. Robo duara asubuhi, robo adhuhuri, robo jioni, robo kabla ya kulala. Spana yake ni namba 10, ile ile iliyomo mfukoni mwa kila fundi pikipiki.

Sitaki kulipamba jambo hili. Nyaya hutoboa ngozi, na kila tundu linaweza kupata uchafu. Inabidi zisafishwe kila siku. Kulala ni taabu. Suruali hazipiti. Wapo wanaovunjika moyo mwezi wa nne na kuomba vyuma vitolewe. Brumel alifika Kurgan 1968. Ilizarov akamvika pete, mfupa ukaunga, mguu ukarudishiwa urefu wake, na baadaye mtu yule akarudi uwanjani na kuruka tena juu ya mita mbili.

Nchi za Magharibi hazikuifahamu kazi ya Kurgan mpaka mgeni mwingine alipoipeleka. Carlo Mauri, mpanda milima wa Italia, alikuwa na muundi uliovunjika miaka mingi nyuma kwenye theluji na haukuwahi kukaa sawa. Alikuwa amesafiri baharini na Thor Heyerdahl kwenye mashua za mafunjo za 1969 na 1970, na daktari wa chombo alikuwa Mrusi. Mwaka 1980 akaenda Kurgan, akarudi akitembea vizuri. Madaktari wa nyumbani kwake hawakuamini. Mwaka 1981 wakamwalika Ilizarov Bellagio, naye akawaonyesha picha zake. Mfaransa Alain-Charles Masquelet alipata njia nyingine katika miaka ile ile ya 1980: pengo lijazwe simenti kwa wiki sita hadi nane, mwili uifunike kwa utando wenye damu nyingi, kisha simenti itolewe na mfuko ule ujazwe chembe za mfupa kutoka nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Haina pete za miezi mingi, ila inahitaji mfupa wa kutosha wa kuazima.

Si kila mguu unapaswa kupitia haya. Cierny na Mader hawakupanga mifupa peke yake, walipanga na wenye mifupa. Yupo mtu ambaye figo zake, moyo wake, mishipa yake au umri wake vinafanya tiba kuwa mzigo kuliko ugonjwa. Huyo anaweza kuishi na tundu dogo linalofungwa kila asubuhi, akipewa dawa likichachamaa. Yupo pia ambaye kukatwa mguu chini ya goti, na kupata mguu bandia mzuri, kutamrudisha shambani au dukani ndani ya miezi, wakati kuuokoa kungemla miaka mitatu na mali yote ya familia. Daktari anayemwambia ukweli huo mapema hajamnyima tiba.

Kwetu vita kubwa iko barabarani na katika saa za mwanzo. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, watu wazima 240 waliovunjika muundi na kupasuka ngozi walishirikishwa katika jaribio lililochapishwa 2020: wengine waliwekewa msumari ndani ya mfupa, wengine vyuma vya nje. Baada ya mwaka, tofauti ya matatizo makubwa kati ya makundi hayo haikuwa na uzito wa kitakwimu. Nalisoma jaribio hilo hivi: aina ya chuma si jambo la kwanza. Antibiotiki ndani ya saa ya kwanza, maji mengi safi, na mkono usioogopa kukata kilichokufa siku ile ile ndivyo vitakavyoamua kama mtu huyu ataingia katika sura hii au la. Jeraha chafu likishonwa na kubanwa ili lipendeze, uchafu unafungiwa ndani.

Kuna wagonjwa ambao hawakuvunjika popote. Ni watoto. Bakteria waliingia kwa kidonda kidogo cha ngozi, wakasafiri na damu, wakatua karibu na goti pale mfupa unapokua, ambapo vijishipa vinajikunja na damu inakwenda taratibu. Mtoto mwenye selimundu yumo hatarini zaidi, na kwake mara nyingi mhusika ni salmonela. Homa, mguu haukanyagi, watu wanadhani ameanguka akicheza. Usaha ukitolewa siku zile za kwanza, mengi huishia hapo. Ukichelewa, huchuna utando wa mfupa na kuua muundi mzima, kutoka goti hadi kifundo.

Kwa mtoto wa namna hiyo sheria yote niliyoieleza hugeuzwa. Utando wa mfupa wa mtoto una nguvu ya kujenga ambayo mtu mzima ameshaipoteza, na ukiwa hai hutandaza ganda jipya kuuzunguka mfupa mfu. Daktari akiharakisha kuutoa kabla ganda halijakaza, mguu utabaki kamba. Hospitali ya Beit CURE ya Blantyre, Malawi, ambako watoto hawa ni wengi, imetunga mpangilio wa picha za X-ray unaomsaidia daktari kujua ganda limefikia wapi. Kwa hiyo humwaga usaha, humfunga plasta, na kungoja miezi, akimwomba mzazi avumilie harufu na madoa kwenye shuka.

Siku ganda linapokuwa imara, hufungua dirisha upande mmoja na kuuvuta mfupa mfu nje. Wakati mwingine hutoka mzima, mrefu kama kalamu, mwepesi, wa kijivu, umeliwaliwa kingo. Huwekwa kwenye sahani ya chuma kando ya kitanda. Mama akiletwa auone, huona muundi ambao mwanawe alizaliwa nao. Mwingine uko mguuni, mnene, umepinda kidogo, na unavuja damu.